Mkono Ukigeuka, Mstari Unahama

BARAKA: Umekuja na picha kwenye simu, na uso umeukunja. Tuanzie hapo.

ZUHURA: Tazama. Jumamosi nilimchora rafiki yangu kigashani kwa kalamu ya ngozi. Mkono uko mezani, kiganja kimetazama juu, mstari umetoka kiwikoni hadi kifundoni umenyooka kama uzi wa mwashi. Haya, picha ya pili: amesimama, mkono unaning'inia.

BARAKA: Lo! Umezunguka kama mmea unaotambaa kwenye nguzo.

ZUHURA: Wino uleule, ngozi ileile. Ni mifupa, Baraka. Kigasha kina mifupa miwili. Ukigeuza kiganja, ule wa upande wa kidole gumba unapanda juu ya mwenzake, na ngozi ya karibu na kifundo inaufuata, karibu nusu ya mzunguko. Ngozi ya karibu na kiwiko inabaki palepale. Mstari unasokotwa kama nguo inayokamuliwa.

BARAKA: Na dawa yake?

ZUHURA: Msimamishe mwenye mkono, auache uning'inie kama atakavyotembea nao. Chukua penseli ya wanja, weka nukta tatu: karibu na kiwiko, katikati, na kifundoni. Halafu mkalishe, mkono uwe mezani vyovyote anavyostarehe, uunganishe nukta. Machoni pako mstari utakuwa umepinda, na vidole vitakuwasha kuunyoosha. Usiunyooshe. Akisimama utanyooka wenyewe.

BARAKA: Kuchora kombo kwa makusudi. Hilo linataka moyo. Na wakati unachora palikuwa pakipigwa muziki gani?

ZUHURA: Unajua.

BARAKA: 18.

ZUHURA: 18! [wanacheka] Wanaotufuata tangu zamani wameshaikariri. Birds of Fire, bendi ya Mahavishnu Orchestra, 1973. Gongo linafungua, gitaa la McLaughlin linaingia, na kila mzunguko una vipigo 18. Kila nikiisikia natamani kuichora iuzunguke mkono, mafundo 18, 5-5-5-3, fundo la mwanzo wa kila kundi nikilikoleza.

BARAKA: Ngoja kwanza. Leo tuna mambo matatu kwenye karatasi: kuandaa ngozi, kukoroga hina, na kufuta. 18 haimo.

ZUHURA: Dakika moja tu. Kuandaa ngozi nakupa sasa hivi: osha kwa sabuni, kausha, usipake losheni. Wino ukikuta mafuta au jasho unakimbilia kwenye vile vifereji vidogo vya ngozi, ukingo wa mstari unaota manyoya. Ivute ngozi kwa kidole gumba cha mkono mwingine, lakini kidogo. Ukiivuta sana, ukiiachia mstari unajikunja na kuwa mawimbi. Na kalamu iwe imetengenezwa kwa ngozi. Zile za kuandikia maboksi zina viyeyusho ambavyo havikukusudiwa mwili wa mtu. Basi, moja tumemaliza. Sasa bangili.

BARAKA: Haya, bangili.

ZUHURA: Tuseme kifundo kina mzingo wa sentimita 16, yaani milimita 160. Gawa kwa 18, kila fundo linapata kama milimita 8.9. Ukikadiria kwa jicho na kila fundo likazidi nusu milimita tu, ukimaliza la 17 umeshakula milimita 8.5 za ziada. La 18 halina pa kukaa. Unalibana, linakuwa jembamba kama limefinywa mlangoni, na ndilo litakalotazamwa kuliko yote.

BARAKA: Kwa hiyo unapima kwa rula? Kwenye kitu cha duara?

ZUHURA: Rula ya nini! Ukanda wa karatasi. Uzungushe pale pale utakapochora, kata mwisho ukutane na mwanzo. Sasa ukunje uwe sehemu tatu sawasawa. Uliokunjwa, ukunje tena sehemu tatu. Halafu nusu. Tatu kwa tatu kwa mbili.

BARAKA: 18.

ZUHURA: 18! Ukiufungua una mikunjo yote. Uzungushe tena mkononi, weka nukta ya wanja kwenye kila mkunjo, uondoe. Angalizo moja: kigasha si bomba, kinapanuka kuelekea kiwikoni. Ukanda uliopimwa kifundoni ukiusogeza juu vidole vinne, ncha hazikutani. Kila bangili na ukanda wake.

BARAKA: Na mtu akitaka 7?

ZUHURA: 7 haikunjiki kwa urahisi. Pima, gawanya, weka alama. Au mshawishi achukue 18.

BARAKA: [anacheka] Dada, hapa ndipo tunapoachana njia. Karatasi inaua muziki. Unasikiliza watu wanaopiga kwa kusikilizana, halafu wewe umeshaamua kila fundo likae wapi kabla kalamu haijagusa ngozi. Mimi naacha rekodi icheze na mkono uende. Likibana mahali, linakuwa sehemu ya mchoro.

ZUHURA: Likibana mahali, ni kosa lililobana.

BARAKA: Chukua In a Silent Way, sahani ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi. Waliirekodi siku moja, tarehe ngapi?

ZUHURA: 18 Februari 1969.

BARAKA: Umeona, hata tarehe iko upande wangu. Wimbo wenyewe uliobeba jina ni wa Joe Zawinul, mpiga kinanda, ulikuja na akodi zake zote, na Miles akaziondoa nyingi. Alitaka wapigaji wasiegemee kitu. Alichana ukanda wako wa karatasi, dada.

ZUHURA: Na baada ya kupiga? Teo Macero, mtayarishaji wa sahani, alikaa na ile tepu akakata. Upande wa pili wa sahani unaanza kwa zile dakika 4 na ushei tulivu, na unaishia kwa zilezile. Hazikupigwa upya, ni tepu ileile imerudishwa mwishoni. Mwanzo na mwisho vinakutana kama bangili. Yule alipima.

BARAKA: Baada! Kwanza walipiga, kisha wembe. Wewe unatanguliza wembe.

ZUHURA: Kwa sababu ngozi haina wembe, kaka! Tepu unaikata na kuunga. Hina ikishaingia inakaa wiki moja hadi tatu. Rafiki yako atatembea na fundo lako lililobanwa mpaka ngozi ijibadilishe.

BARAKA: Hiyo ni hina. Wino wa kalamu ya ngozi unatoka kwa mafuta. Ukikosea, futa, rudia.

ZUHURA: Mara ya kwanza, sawa. Ukisugua mara ya tatu ngozi imewaka, imevimba kidogo, na wino juu yake unasambaa. Kujaribu kwako anakulipia mwenzako kwa ngozi.

BARAKA: Sikiliza Chameleon ya Herbie Hancock, 1973. Ile besi ya mwanzo ni sintesaiza, ARP Odyssey. Inarudi na kurudi, wimbo unapita dakika 15, na hakuna mzunguko unaokuchosha. Kwa nini? Kwa sababu juu yake watu wanajiachia.

ZUHURA: Juu ya nini?

BARAKA: Juu ya besi.

ZUHURA: Ambayo haihami. Basi besi ndiyo ukanda wangu. Nukta 18 zimekaa, kisha ndani ya kila nafasi chora utakavyo, jiachie mpaka asubuhi.

BARAKA: Lakini besi inapigwa na kidole cha mtu. Inapumua, noti moja inachelewa kidogo, nyingine inawahi. Karatasi iliyokunjwa haipumui. Nikitazama bangili yako naona hesabu. Nzuri, safi, lakini hesabu.

ZUHURA: Nami nikitazama ya kwako naona mahali ulipogundua nafasi imekwisha.

BARAKA: Ndipo ninapopapenda.

ZUHURA: Mimi sipapendi. Na mwenye mkono sijui kama aliulizwa.

BARAKA: Huulizwa. Namwambia kabisa: sijui itaishia wapi.

ZUHURA: Sikubali.

BARAKA: Wala mimi.

[kimya kidogo]

ZUHURA: Saa inasemaje?

BARAKA: Dakika tatu. Na hina hatujaigusa.

ZUHURA: Hina haitoshi dakika tatu. Unga, ndimu, sukari, mafuta ya lavenda, halafu saa za kusubiri rangi iachie, hapo hujafika kwenye koni wala uzito wa rojo. Nikikimbia nitampotosha mtu. Niseme la usalama tu. Hina halisi huacha rangi ya chungwa kwanza, inakoza hadi kahawia ndani ya siku mbili hivi. Ikitoka nyeusi tii papo hapo, hiyo ni piko, rangi ya nywele, na kemikali ya PPD iliyomo inaweza kuchoma ngozi ikatoa malengelenge, hata kuacha kovu. Wengine mwili ukishaikataa mara moja, unaikataa maisha. Msimpake rafiki.

BARAKA: Na kufuta?

ZUHURA: Wino wa kalamu, mafuta kwenye pamba, yaache dakika mbili, pangusa upande mmoja, kisha sabuni. Usisugue. Mengine yaache.

BARAKA: Basi karatasi yote imelala. Umeimeza kwa 18 yako.

ZUHURA: Leta mkono.

BARAKA: Sasa hivi?

ZUHURA: Simama kwanza. Uache uning'inie. Usiukaze.

BARAKA: Na huo ukanda umeutoa wapi?

ZUHURA: Ni ile karatasi ya mambo matatu, nimeikata pembeni. Tatu, tatu, nusu. Weka rekodi.

BARAKA: Sitaki nukta. Chora tu.

ZUHURA: Nukta nitaziweka. Ndani ya nafasi ya kwanza utanielekeza wewe. Tulia, gongo hilo.