Kichwa cha Nguzo: Ruskin Alivyomhukumu Canaletto

Ndugu zangu, hakuna humu ambaye hajapita Mtaa wa Banda, Nairobi. Mnaijua Maktaba ya McMillan, jirani ya Msikiti wa Jamia. Simba wa pale mlangoni mnawakumbuka, na nguzo pia. Lakini vichwa vya nguzo zile vimechongwaje? Naona kimya. Basi swali hilohilo ndilo John Ruskin, mhakiki wa sanaa Mwingereza, alilomtupia mchoraji Canaletto.

Canaletto alizaliwa Venice mwaka 1697, akawauzia Waingereza matajiri picha za mji wake: mifereji, makuba, majumba ya marumaru. Mwaka 1843 Ruskin, kijana wa miaka 24, alimshambulia bila huruma. Shtaka lake kubwa lilikuwa nakshi. Picha nyingi za Canaletto ukizisogelea, utaona kitone hapa, kikunjo pale, na vilevile kwenye jumba linalofuata, ingawa majumba hayo yalijengwa karne tofauti na mafundi tofauti. Ruskin alitaka jiwe lenye madoa, lililoliwa na chumvi, na tao lenye mchongo wake lenyewe.

Hapo namuunga mkono kabisa. Fundi wa Lamu aliyechonga mlango kwa miezi hawezi kulipwa kwa vitone! Ruskin mwenyewe baadaye alirudi Venice akapanda ngazi kupima nguzo moja moja, kwa hiyo alikuwa na haki ya kudai.

Ila alipoushusha uchoraji wa Canaletto chini ya wote aliowahi kuujua, alipitiliza, tena vibaya. Iko picha ya ujana wa Canaletto, ya miaka ya 1720, inayoonyesha uwanja wa waashi. Waashi wanachonga mawe, plasta imebanduka ukutani, nguo zimeanikwa madirishani. Kila ukuta una uzee wake. Yale yote Ruskin aliyosema hayapo, yapo mle, na wakati anaandika picha hiyo ilikuwa tayari katika Jumba la Taifa la Sanaa, London, mji aliozaliwa. Hilo linaniuma, kwa sababu jicho lake lilikuwa kali kuliko la wengi.

Ng'ambo ya mfereji, katika picha hiyo, unasimama mnara wa kanisa la Santa Maria della Carità. Mnara wenyewe ulianguka mwaka 1744. Leo anayetaka kuuona anakwenda kwa Canaletto.