Maswali 21 ya Mississippi: mtihani usio na majibu

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu hamjambo huko nyumbani. Zikitajwa haki za Weusi wa Marekani miaka ya sitini, wengi tunakumbuka maandamano na mbwa wa polisi. Leo nataka tukae na karatasi moja, maana ndiyo iliyozuia watu wengi kuliko rungu: fomu ya kujiandikisha kupiga kura katika jimbo la Mississippi.

Unakwenda mahakama ya kaunti, unaipokea kwa karani, unaijaza kwa mkono wako bila msaada wa mtu yeyote. Maswali 21. Mwanzoni mepesi: jina, umri, unakaa wapi, nani amekuajiri. Hapo pa mwajiri pashikeni. Mvuna pamba aliyelala kwenye nyumba ya shamba akiandika jina la tajiri wake, habari humfikia tajiri kabla yeye hajarudi. Fannie Lou Hamer, mvuna pamba Mweusi, alikwenda kujiandikisha mjini Indianola tarehe 31 Agosti 1962 na wenzake 17. Siku hiyohiyo alifukuzwa shamba alilolitumikia miaka 18. Tanganyika wakati huo ilikuwa huru karibu miezi tisa.

Sasa swali la 18 na la 19. Karani anachagua kifungu kimoja cha katiba ya jimbo, na vilikuwa 285. Unakinakili, kisha unaeleza maana yake. Swali la 20: eleza wajibu wa raia. Nani anasahihisha? Karani huyohuyo, na sheria ilimtaka aridhike yeye tu. Mzungu angeweza kupewa kifungu cha sentensi moja, Mweusi akapewa aya nzima ya mambo ya kodi na mashirika. Walimu Weusi waliosoma vyuo walianguka, kwa hiyo msiamini anayesema tatizo lilikuwa elimu.

Mwaka 1962 wakakaza zaidi. Ukiacha nafasi moja wazi, au ukisahau sahihi sehemu moja, umeanguka. Karani akakatazwa kukuambia umekosea wapi, eti hiyo ni kumsaidia mwombaji. Na jina lako linachapishwa gazetini wiki mbili mfululizo. Walisema ni ili watu watoe pingamizi kuhusu tabia yako. Kwa hakika ni kumjulisha kila mwenye duka anayekukopesha na kila mwenye bunduki.

Ukifaulu, bado kodi ya kura: dola 2 kwa mwaka, na stakabadhi za miaka miwili mkononi. Hamer alifaulu mapema 1963, lakini mwaka huo hakuweza kupiga kura kwa sababu hakuwa na stakabadhi. Kodi ililipwa kwa sherifu, na wapo masherifu waliokataa kupokea pesa ya Mweusi.

Vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi waliopigania haki za Weusi, walipofungua madarasa katika mji wa McComb, Mississippi, mwaka 1961, walichofundisha ni fomu hii: kuijaza, kusoma vifungu, kuvieleza, kurudia tena. Kazi ya subira sana. Majira ya joto ya 1964 watu kama 17,000 walijaribu kujiandikisha Mississippi. Waliokubaliwa ni takriban 1,600.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura, iliyosainiwa tarehe 6 Agosti 1965, haikurekebisha mtihani. Iliusimamisha, na ikaruhusu maofisa wa serikali kuu kuandikisha watu pale ambapo karani alikuwa kikwazo. Weusi walioandikishwa Mississippi walitoka asilimia 6.7 wakafika 59.8 kufikia 1967.

Kodi, hata hivyo, ilibaki kwa chaguzi za jimbo. Januari 1966 Vernon Dahmer, mfanyabiashara wa karibu na Hattiesburg, alitangaza redioni kwamba watu wanaweza kulipia dukani kwake. Usiku huo Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu wabaguzi, wakaichoma nyumba yake. Aliwajibu kwa bunduki mpaka familia ikatoka kwa dirisha la nyuma, akafa kesho yake kwa moto na moshi aliovuta. Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta kodi hiyo tarehe 24 Machi mwaka huohuo.