Ua likigusa keki limekuwa chakula

Mhadhara kwa waoka keki na wapambaji wa harusi, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie maua halisi kwenye keki za harusi, na mratibu amenionya nisichukue muda mrefu, maana nyuma yangu kuna mtu wa fondanti, ile sukari laini ya kufunika keki, na watu wa fondanti mnawajua. (Vicheko.) Basi nitangulize neno langu kubwa: ua likishagusa keki, limekuwa chakula. Bibi harusi anaweza asilile, lakini mtoto wa shangazi yake atalila, tena kabla keki haijakatwa.

Mnakumbuka harusi ya Prince William na Catherine Middleton, Aprili 2011? Keki yao ilitengenezwa na Fiona Cairns, ya matunda, ngazi nane, na juu yake maua ya sukari yapatayo 900. Miaka saba baadaye, Mei 2018, Prince Harry akamwoa Meghan Markle, na Claire Ptak akawaandalia keki ya limau na maua ya elda, kichaka cha Ulaya chenye maua meupe, akaipaka krimu ya siagi na kuipamba kwa maua halisi. Watu walikuwa wakipamba keki kwa maua halisi tangu zamani, sisemi yalianzia pale. Ninachosema ni kwamba picha za siku ile ziliingia kwenye simu za wateja wetu, na mpaka leo bado zinaletwa dukani: "Nataka kama hii."

Na sisi tunapenda, tusidanganyane. Waridi la sukari linakukalisha mezani usiku kucha, petali moja moja, halafu kijana wa pikipiki analivunja njiani. Waridi halisi linakuja likiwa limeshaumbwa. Isitoshe tunaishi kwenye nchi za maua. Wakenya wana Naivasha, waridi zake zinapanda ndege kwenda Uholanzi karibu kila siku. Sisi tuna mashamba ya upande wa Arusha, Usa River na kwingineko. Ua zuri halituishii.

Shida ni kwamba mashamba yale yanalima maua ya kuwekwa kwenye chombo cha maua. Mkulima wa mchicha anajua kwamba akipiga dawa lazima asubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna, kwa sababu mtu atakula. Mkulima wa waridi hana sababu hiyo. Hata Umoja wa Ulaya, ambao unapima mabaki ya dawa kwenye maharage yetu mabichi kwa ukali tunaoujua, haujaweka kikomo cha mabaki hayo kwa maua ya kukatwa. Simlaumu mkulima. Yeye kauza pambo, sisi ndio tumeligeuza kiungo.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mimi huwa nayaosha." Osha, mama, ni vizuri, vumbi na wadudu watatoka. Lakini dawa nyingine hunyonywa na mmea wenyewe, ziko ndani ya petali. Halafu kuna zile za baada ya kuvuna. Karnesheni, kwa mfano, huchovywa shina kwenye maji yenye chumvi ya madini ya fedha ili zisinyauke haraka, na maji hayo hupanda hadi kwenye ua. Na lile waridi la bluu linalopendwa na kamati za harusi? Hakuna waridi linaloota na rangi ile. Limenyweshwa rangi, au limepuliziwa. Bomba la maji haliwezi kufika huko ndani.

Sasa hapo nimesema ua ambalo lenyewe halina neno ila limewekewa dawa. Kuna maua ambayo sumu ni yao ya kuzaliwa, na baadhi yameota kwenye nyua zetu. Oleanda, lile la waridi na jeupe linalopandwa kando ya barabara, sumu yake inashika moyo, na imo kwenye jani na kwenye ua. Tarumbeta zile kubwa zinazoning'inia chini, jamaa wa mnanaha, humfanya mtu aweweseke. Haidrenjia, ambalo kila bibi harusi analitaka siku hizi kwa sababu linajaza nafasi, lina kemikali za jamii ile ile ya muhogo mchungu. Yungiyungi la kala, jeupe lililokunjwa kama faneli, lina fuwele ndogo ndogo zinazochoma ulimi na koo. Gloriosa lina sumu kali iitwayo kolkisini, sitaki hata kuliona kwenye chumba chenye keki. Na maua yanayotoa maziwa ukiyakata, alamanda, franjipani, waridi la jangwani, hayo maziwa yake yanawasha. Ukiona shina linatoa maziwa na hujui ni ua gani, liache.

(Swali kutoka kwa wasikilizaji: "Na jipsofila?") Ahsante dada. Jipsofila, yale meupe madogo kama chengachenga. Hayaui mtu, lakini si chakula, yanaweza kuwasha ngozi na tumbo, na ubaya wake ni kwamba yanapukutika. Unamaliza kupamba, chenga ziko kwenye ngazi zote tatu, hakuna atakayeziokota. Mimi siyatumii kwenye keki kabisa. Yapeleke kwenye meza ya wazazi.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba tunahangaika na haidrenjia wakati watu wa pwani hii wana maua yao ya harusi yaliyokamilika. Nendeni Tanga, nendeni Unguja, Lamu, Mombasa, muangalie kikuba cha biharusi, kile kishada cha kunukia: asumini, mrehani, waridi, na mkadi kwa harufu. Asumini ya kwetu inatiwa kwenye chai nchi nyingi. Mrehani ni jamii ya kiungo cha jikoni, na vishada vyake vya maua vina rangi ya zambarau iliyofifia ambayo juu ya krimu nyeupe haihitaji msaada. Waridi ndilo hilo hilo linalotoa marashi ya kutia kwenye halua. Keki nyeupe yenye ushanga wa asumini kuzunguka kila ngazi, ikiingia ukumbini watu wananusa kabla hawajaiona. Nipeni sababu ya kuagiza ua la dukani.

Ila angalieni: nasema asumini mnayoijua, iliyoota kwa mtu mnayemjua, ambayo haijapigwa dawa. Kila kitu kinachoitwa yasmini mjini si asumini, na yako mengine ya manjano yenye sumu kali. Tafuteni mama mwenye bustani, mlipeni vizuri, mwambieni mapema ni kwa ajili ya keki. Maua mengine mchume asubuhi, umande ukishakauka. Asumini yenyewe hufunguka usiku, kwa hiyo ukichuma vitumba vyake jioni vitachanua ukumbini wakati wa kukata keki. Hilo nimejifunza kwa mama zangu wa Tanga, wala si kwa kozi yoyote.

Joto. Hapa Dar mwezi Februari jioni ukumbi unakuwa jiko, na kiyoyozi kinawashwa wageni wakianza kuingia, wakati keki imefika saa tisa alasiri. Siagi inalainika, ua linanyauka, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo ua linapanda mwisho. Usisafirishe keki ikiwa imevaa. Maua yasimame kwenye maji safi usiku mzima, mahali pa baridi, lakini msiyaweke friji moja na maembe au ndizi mbivu, kwa sababu matunda yakiiva hutoa hewa inayozeesha maua. Njoo nayo ukumbini kwenye boksi lake na upambe pale pale. Yungiyungi la kawaida likiwepo, si lile la kala, ng'oa vile vijiti vya chavua ndani kabla havijapasuka, vinginevyo aisingi yako itapata madoa ya manjano ambayo hayafutiki.

Na shina lisichomekwe kwenye keki likiwa uchi. Ua la dukani ambalo mteja amelishikilia, basi likae kwenye mrija safi wa kunywea, ule mnene, mdomo wa chini umezibwa kwa chokoleti, ndipo mrija uingie kwenye keki. Petali nazo zisilale kwenye krimu. Weka chini yake kipande cha karatasi ya kuokea au kibao cha chokoleti. Ile sponji ya kijani ya wapambaji isiguse chakula, wala tepu ya kijani, wala waya mtupu. Na mwambieni mshereheshaji kwa mdomo, msitegemee karatasi, kwamba maua yanatolewa kabla kisu hakijashuka. Mimi humkabidhi mpambe wa bibi harusi sahani tupu kwa kazi hiyo.

(Swali: "Mteja akileta maua yake mwenyewe siku ya harusi?") Hilo hutokea sana. Dada wa bwana harusi anakuja na ndoo. Mimi naliweka kwenye makubaliano tangu siku ya malipo ya kwanza: ua ambalo sijalichagua mimi linakaa kwenye stendi, chini ya keki, au kwenye ngazi ya bandia kama ipo, na ngazi ile haikatwi wala krimu yake hailambwi. Wengi wanakubali ukiwaeleza. Aliyekataa nilimrudishia pesa yake, na keki za wakwe nikamwokea zikiwa tupu bila ua.