Tufungue Boksi Kwanza

Ndugu zangu, nianze na bisibisi. Januari 2010, wahakiki wa Audioholics, tovuti ya Marekani inayochunguza vifaa vya sauti, walieleza walichokikuta ndani ya deki ya Blu-ray ya kampuni ya Lexicon, BD-30, iliyokuwa ikiuzwa dola 3,500. Ukitoa mfuniko wa nje, unakuta deki nyingine nzima, pamoja na bati lake la chini: BDP-83 ya kampuni ya Oppo, iliyouzwa dola 499. Uso mpya, jina jipya, na dola elfu tatu juu yake.

Nimeanza hapo kwa sababu wapenzi wa sauti safi husingiziwa wivu. Wanaambiwa wanaponda vifaa vya bei kubwa kwa kuwa hawana uwezo wa kununua. Si kweli. Wengi wao hutoa fedha nyingi bila kunung'unika wakiona zimekwenda kwenye transfoma nzito au boksi la mbao lisilotetemeka. Kinachowakera ni kulipia nembo, kisha wakiomba vipimo wanapewa maneno matamu.

Jina linalozua ubishi kuliko yote ni Bose, kampuni ya spika ya Marekani. Hapa lazima tumtendee haki mwanzilishi wake, Amar Bose, profesa wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mhandisi hasa. Mwaka 1956 alinunua mtambo wa muziki uliosifiwa kwa vipimo vyake; alipoufungulia nyumbani, haukumridhisha hata kidogo. Tangu hapo hakuviamini sana vipimo vya kwenye karatasi. Akachunguza kumbi za muziki, akaona kwamba sehemu kubwa ya sauti humfikia msikilizaji ikiwa imekwisha kugonga kuta. Mwaka 1968 ikatoka Bose 901: spika ndogo 9 ndani ya boksi moja, 1 inamtazama msikilizaji, 8 zinatazama ukuta.

Wazo ni zuri, nami naliheshimu. Lakini mwangwi wa ukumbi umekwisha kurekodiwa ndani ya sahani! Ukiirushia sauti ukuta wa sebule yako, unamwaga mwangwi juu ya mwangwi. Mchukue mpiga udi mmoja, amekaa kitini mbele ya kipaza sauti. Spika zikikutazama, unaweza kunyoosha kidole ukasema yuko pale, kushoto kidogo. Ukimpitisha ukutani, udi unavimba, unakuwa mpana kama kabati. Tena spika za takriban inchi 4 hazishuki vizuri kwenye besi zenyewe. Ilibidi ziwe na ikwalaiza yake, kifaa cha kurekebisha nguvu za besi na sauti nyembamba, ya kuzisukuma, na amplifaya ikabeba mzigo.

Mwaka 1970 jarida la Consumer Reports, linalowapimia wanunuzi bidhaa, liliandika kwamba kwenye 901 ala zilisikika zikitangatanga chumbani. Kampuni ikashtaki. Ubishi ukawa huu: sauti zilizunguka chumba, au zilisogea tu kando ya ukuta, baina ya spika na spika? Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1984 Bose ikashindwa. Majaji walio wengi waliona kwamba, hata kama jarida lilikosea kueleza, haikuthibitika kwamba liliandika uongo kwa makusudi. Miaka 14 ya kubishania maneno machache ya mhakiki! Kwangu mimi, hilo ni zito kuliko besi yoyote iliyopungua. Anayesikiliza kwa niaba ya mnunuzi lazima awe huru kusema alichosikia.

Nami nisiwalazimishe maoni yangu. Mbele yenu kuna jozi mbili za spika, nimezifunika kwa kanga. Bei zake zimepishana sana. Nimezipima zipige kwa ukubwa uleule wa sauti, maana sikio hulaghaika: kinachopiga juu kidogo tu huonekana bora. Nitapiga kipande kimoja cha udi mara mbili. Kila mtu aandike A au B, na neno moja la sababu, bila kumchungulia jirani. Kanga haziondoki mpaka karatasi ya mwisho inifikie.