Usiniagize mbegu, chukua ukoka wa kwa mama

Wapendwa wangu, habari za tangu juzi? Leo sipo Phoenix, kule Arizona, Marekani, ninakofanya kazi ya kutunza viwanja vya nyasi. Nipo Tabata, uani kwa mama, kipupwe kinavuma, na hizi ninazokanyaga ni nyasi za ukoka. Kuna mdogo wangu wa Kigamboni aliniandikia: "Kaka, ukija niletee mbegu za zile nyasi za kijani za kwenye video zako za Januari." Nikamwambia nitamjibu hadharani, wengine nao wasikie.

Kijani kile si ukoka. Arizona ikiingia baridi, ukoka unalala, unageuka rangi ya makuti makavu. Kwa hiyo Oktoba tunamwaga juu yake mbegu za raigrasi, nyasi ya nchi za baridi. Siku chache tu imeota.

Shughuli ni kuiondoa. Usiku ukishazoea nyuzi 16 kwenda juu, ukoka unaanza kuamka, lakini raigrasi imeufunika. Aprili mtu akikusifia uwanja, amekuvika kilemba cha ukoka kweli kweli. Inama utazame: jani la raigrasi mgongoni linang'aa kama limepakwa mafuta, shina lake chini lina wekundu. Lipanue kwa vidole. Ukoka uko huko gizani, uzi mweupe na vifundo vyake.

Mwaka wangu wa kwanza msimamizi aliamuru tufunge maji, raigrasi ife kwa kiu. Ikafa. Na ukoka, ambao ndiyo kwanza ulikuwa unatafuta nguvu, ukaumia nao. Juni joto limepita nyuzi 40, sisi tuna mabaka ya udongo mtupu. Iliniuma sana.

Siku hizi maji hatufungi. Machi tunabana mbolea ya naitrojeni, maana ukiimwaga mapema unailisha raigrasi. Visu vya mashine tunavishusha kidogo kidogo, jua lifike chini. Mei ukoka ukichangamka, ndipo tunaulisha. Wengine hupuliza dawa inayoua raigrasi peke yake. Vyovyote vile, ukoka unahitaji kama siku 100 za jua bila mpinzani. Raigrasi iking'ang'ania hadi Agosti, na Oktoba tunamwaga mbegu tena, siku hizo utazitoa wapi?

Sasa mdogo wangu, Dar hata Julai usiku ni nyuzi 18 au 19. Ukoka wako haulali, unamwagia mbegu za nini? Raigrasi hiyo joto la Desemba litaimaliza, na hela yako imekwenda. Tena ukoka asili yake ni Afrika. Ule wa viwanja vingi vya Marekani, Tifway 419, uliotolewa Tifton, Georgia, mwaka 1960, mzazi wake mmoja ni wa Afrika Kusini.

Picha uliyonituma nimeiona. Pale panapokauka ni chini ya mwembe. Punguza matawi ya upande wa mashariki, jua la asubuhi liingie, kisha njoo Jumamosi nikukatie viroba viwili vya ukoka huu wa mama. Panda vipande vyenye vifundo, umwagilie asubuhi na jioni mpaka vishike.