Nusu Pointi Aliyoitolea Jasho

Wazazi na walimu wenzangu, kila michuano ya sataranji ya vijana ina swali linaloniumiza, nalo huulizwa mlangoni mwa ukumbi. Mtoto anatoka, anasema, "Tumetoka sare." Mzazi anamuuliza, "Sasa ulishindwaje kummaliza?" Kabla hajaketi, uso umeshasinyaa.

Leo naomba tuitazame sare moja tu, ile inayompa mtoto nusu pointi. Ubaoni zimebaki kete tano: wafalme wawili, ngome mbili na askari mmoja, naye askari huyo si wa mtoto wako. Mpinzani anamsogeza hatua kwa hatua hadi mwisho wa ubao akamfanye malkia. Dakika zinayoyoma. Mtoto afanyeje? Mfalme wake amkalishe kwenye nyumba, yaani mraba wa ubao, ileile ambayo askari anaitaka. Ngome aiweke kwenye mstari wa tatu kutoka upande wake, iwe inakwenda kulia na kushoto, ili mfalme wa mpinzani asipenye. Inachosha, tena sana. Askari akisukumwa akaingia mstari huo wa tatu, hapo ngome inakimbilia mwisho wa mbali wa ubao na kuanza kumtishia mfalme wa mpinzani kwa nyuma. Mfalme yule hana pa kujisitiri: nyumba ambayo ingemficha imekaliwa na askari wake mwenyewe! Philidor, mchezaji sataranji Mfaransa, alilieleza hilo mwaka 1777. Mtoto wa miaka 10 akiliweza peke yake, huku saa inamkimbiza, mimi nasimama kumpa mkono.

Na mpinzani akikataa kukubali sare je? Zikipita hatua 50 za kila mmoja bila kete kuliwa wala askari kusogea, mtoto ana haki ya kudai sare. Vivyo hivyo hali ileile ya ubao ikitokea mara ya tatu. Lakini wapo wanaoijua kanuni na bado wanaona haya kusimamisha saa na kumwita mwamuzi. Hilo nalo lifundishwe, jamani.

Sare inayonihuzunisha ni ile ya hatua ya 12, kete karibu zote zipo, watoto wanapeana mikono kwa sababu wanaogopana. Baadhi ya mashindano huizuia, nami naafiki. Hapo ndipo pa kumuuliza mtoto, kwa upole, aliogopa nini.

Haya, naomba vijana wawili waje hapa mbele. Zipangeni zile kete tano. Wewe chukua upande wenye askari, na mwenzako ajilinde.