Kosa la Rangi Nasamehe, Hadithi Kujisahau Hapana

Asanteni ndugu zangu, naona kuna watu wanacheka tayari maana wanajua nakuja kusema nini, na kweli nitasema yale yale. Kila nikiongea kuhusu makosa kwenye katuni za mashujaa, mwishoni lazima mtu anifuate na simu yake, kapiga skrinshoti, eti tazama mwalimu, hapa mkanda wa njano, hapa mwekundu. Hongera, una macho mazuri. Ila hilo sio kosa la kukunyima usingizi, mchoraji kachoka, rangi imekosewa kwenye fremu mbili tatu, tunasonga mbele. Kosa linaloniuma mimi ni pale hadithi inapojisahau yenyewe, jana imekuliza, leo inajifanya haikumbuki ilikuliza kwa nini.

Chukueni X-Men ya 1992, ile ya kituo cha Fox cha Marekani, kuhusu timu ya mashujaa waliozaliwa na nguvu za ajabu. Naipenda sana, ndo maana naisema. Mwaka 1994 wanarusha Phoenix Saga, episodi tano, na mwisho wake Jean Grey, mmoja wa timu aliyeingiwa na nguvu kubwa iitwayo Phoenix, anajitoa mhanga, anaibeba kristali ya M'Kraan, jiwe la kuangamiza ulimwengu, mpaka ndani ya jua, kwaheri. Cyclops, mpenzi wake na kiongozi wa timu, anabaki peke yake, na kumbuka huyu jamaa hata ndoa yake ilikuwa feki, maana padri aliyewafungisha alikuwa Morph, mwenzao wa timu, kajibadilisha sura, na Morph naye tulishaambiwa amekufa mwanzoni kabisa mwa katuni, lakini haya, hiyo nyingine.

Sasa waandishi walifanya kazi yao. Waliandika episodi ya msiba, inaitwa No Mutant Is an Island. Cyclops ameshindwa, anaacha timu, anarudi kwenye kituo cha yatima alikokulia, yaani mtu mzima mwenye macho ya kupasua ukuta anarudi pale pale alipokuwa mtoto asiye na mtu. Ni wazo zuri mno, na ndo lilikuwa daraja kati ya kifo cha Jean na kurudi kwake, ukilitoa hilo una mtu amekufa upande huu na mtu yuko hai upande ule, katikati hakuna kitu. Na ndo kilichotokea. Michoro ilikuwa na kasoro, ikabidi irekebishwe, episodi ikawekwa pembeni, na kituo cha televisheni hakisubiri mtu, kinarusha kilicho tayari. Jean akarudi. Mwaka huo huo wa 1994 ikarushwa hadithi ya Dark Phoenix, akabadilika, akaharibu, akatulizwa, yakaisha. Halafu mwaka 1996, miaka miwili baadaye, ndo tunaletewa Cyclops analia kwamba mpenzi wake amekufa! Mtoto aliyekuwa na miaka minane sasa ana kumi, anakaa mbele ya tivii anajiuliza huyu anamlilia nani wakati wiki iliyopita walikuwa wote.

Najua kuna mtu anataka kuniambia, mwalimu, steringi hafi, umesahau? Sijasahau. Arudi hata mara saba, ilimradi niambiwe karudije. Na mwingine atasema ni kosa la waliochora, maana kazi ilipelekwa Korea Kusini, studio ya AKOM. Hapo ndo tunagombana. Ni kweli hata episodi ya kwanza kabisa, Night of the Sentinels, ilirudi ikiwa imejaa makosa ya uchoraji, na ilibidi warekebishe wakati tarehe ya kurusha iko mlangoni. Lakini wewe ukipewa maelfu ya michoro na ratiba ya kukimbizana, halafu hadithi yenyewe unaiona vipande vipande, utajua saa ngapi kwamba Jean alitakiwa awe amekufa? Mchoraji anakosea fremu. Aliyepanga ratiba ndiye aliyekosea hadithi.

Tena niseme kitu ambacho watu hawapendi kukisikia. Katuni nyingi za zamani hazikuwa na kosa hili kwa sababu hazikukumbuka chochote. Kila Jumamosi adui mpya, mwisho wa episodi kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa, ukizirusha kwa kurudi nyuma hakuna atakayejua. X-Men walijaribu kusimulia hadithi ndefu yenye kumbukumbu, wakati vituo vimezoea kurusha chochote kwa mpangilio wowote. Ndo likatokea hili. Na dawa ilikuwepo! Walikuwa tayari na ule utaratibu wa kuanza na yaliyopita kwenye X-Men, sauti pale mwanzoni. Sentensi moja tu: haya yalitokea kabla Jean hajarudi. Sekunde tatu. Hakuna aliyefanya.

Na tafadhali, msiniletee kucha za Wolverine, yule mwingine wa timu ya X-Men. Eti katuni imekosea kwa sababu kucha zake zinaonekana ni chuma alichowekewa, wakati kila mtu anajua ana kucha za mfupa alizozaliwa nazo. Kila mtu anajua sasa hivi. Katuni ilianza 1992, habari ya mifupa vitabu vya katuni vya X-Men viliitoa 1993. Huwezi kumfunga mtu kwa sheria iliyotungwa baadaye.

Sawa, makosa ya ukweli wa dunia, haraka haraka maana naona mwenyekiti anaangalia saa. Spider-Man ya 1967, angalieni yule buibui wa kifuani. Muhesabu miguu. Sita! Buibui ana minane, mwenye sita ni mdudu kama nzi au mende. Kuacha ile michoro ya utando mwilini wakabakiza usoni, kwenye glavu na viatu, hilo naelewa, ni kubana matumizi, kila mstari ni pesa. Lakini kupunguza miguu miwili ya buibui, jamani, kwenye katuni ya buibui? Na ule utando anaorusha juu angani, hakuna jengo, hakuna nguzo, umeshika nini, wingu?

Halafu hili la kudaka watu. Mtu anaanguka mita 125, shujaa amesimama chini kama jiwe anamdaka mikononi, wanatabasamu. Achana na upepo, hapo mtu anakuja kwa kilomita kama 180 kwa saa. Ukimsimamisha ndani ya nusu mita, gawanya 125 kwa nusu, ni mara 250 ya uzito wake. Mikono ya chuma na lami, mwili wake hauoni tofauti. Kudaka kwa akili ni kushuka naye huku unapunguza mwendo taratibu. Na vitabu vilishalijua hili, mwaka 1973 Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, alinaswa na utando wa Spider-Man akiwa anaanguka, shingo ikavunjika. Katuni zikajifanya hazikusoma.

Polisi wa New York kutumia bunduki za leza kwenye Spider-Man ya 1994, hilo sio ujinga, bunduki za kweli zilikataliwa kwenye kipindi cha watoto. Mlipuko unaosikika kwenye anga za juu naruka, kusafiri kwenye wakati naruka, hiyo ikae siku yake.

La mwisho kabisa. Katuni hiyo hiyo ya Spider-Man iliisha 1998, Spider-Man anaondoka na Madame Web, yule mama mwenye nguvu za ajabu, kwenda kumtafuta mpenzi wake Mary Jane wa kweli, maana aliyemwoa alikuwa nakala tu, na hatukuonyeshwa akimpata. Kuna mtu kaniandikia niliorodheshe kama kosa la mwendelezo. Siliweki. Mwendelezo wenyewe haukuwepo, walikatiwa pale pale. Haya, maswali, tuanze na wa nyuma, na wewe mwenye skrinshoti kaa chini kwanza.